Soda za Utepe Mwekundu

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ile niliyofungwa utepe mwekundu mkononi kwenye gati la Nyamirembe, nikapanda meli kama mtu mwenye cheo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ilinirudia juzi, uliponionyesha kwenye simu yako picha za meli mtakayosafiri nayo wewe na mumeo na mtoto, ukaniuliza, "Mama mkubwa, wanauza kifurushi cha vinywaji na huduma za ziada. Tununue au tuache?" Nilikujibu kwamba nitafikiri. Kusema kweli sikuwa na la kufikiri. Niliona aibu, kwa sababu jibu langu linapitia kwa mama yako, na najua mama yako hajawahi kukusimulia.

Sisi ni wa Bukiriro, hilo unalijua. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili, mama yako Editha na mjomba wako, pamoja na bibi yetu mzaa baba ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Sikuacha kwa kulia. Kulikuwa na migomba ya kupalilia na watu wa kulisha, nikaendelea.

Ilipofika miaka ya wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, wilaya yetu ilifurika. Lukole, kulikowekwa kambi yao, iligeuka mji wa maturubai. Kuni zikawa za kutafuta mbali, bei ya ndizi ikapanda, lakini kazi nazo zikapatikana hata kwa mtu asiye na cheti. Mimi niliajiriwa kufua na kuosha vyombo katika nyumba moja waliyokaa wafanyakazi wa misaada, pale Ngara mjini. Wakirudi kutoka kambini jioni, niliwabebea kreti la soda hadi barazani, nikafungua, nikamimina, nikakusanya chupa tupu. Sisemi walininyima. Hakuna tu aliyewaza kunipa. Nami tangu utoto ndiye niliyepakua na kula mwisho. Sikujua mtu akiulizwa "nikuletee nini" anajibuje.

Mwaka huo mama yako alifaulu, akachaguliwa kwenda shule ya sekondari ya wasichana Mwanza. Katika ukoo wetu hakuna aliyekuwa amefika huko. Barua ya shule ilitaja vitu vya kuja navyo: sanduku, ndoo, jembe, shuka, godoro. Nilinunua vyote isipokuwa godoro, kwa kuwa dereva wa lori alisema hana nafasi. Fedha yake niliifunga kwenye ncha ya khanga, tukanunue Mwanza.

Asubuhi ya kuondoka bibi alitufungia impamba. Wewe umekulia mjini, nikueleze: impamba ni chakula cha njiani, na kwetu hakikuwa chakula tu. Alichoma ndizi, akachemsha mihogo, akatia karanga, akafunga katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni, akakaza kwa ukambaa, kamba ya mgomba. Fundo la impamba hulifungua mkubwa wa safari. Mdogo hagusi, hata njaa imuume vipi, kwa sababu kufungua ni kusema kwamba sote tupo, tuko salama, tule.

"Koleta," bibi aliniambia, akipapasa mkono wangu, "fungueni mkiwa juu ya maji. Mle pamoja. Huyu akishaingia kwenye hiyo shule, kula naye kutakuwa kwa kubahatisha."

Nikasema ndiyo bibi. Nilisema upesi, kwa kuwa lori lilikuwa linapiga honi.

Lori lilitushusha Biharamulo. Hapo alikuwapo Mzee Shabani, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye alikuwa akinunua kahawa ya marehemu baba. Tulilala kwake, na kulipokucha tukafuatana naye hadi Nyamirembe, maana naye alikuwa anakwenda Mwanza kuchukua mzigo. Alibeba mkeka wake, birika la kahawa ya tangawizi na mkate. Tiketi yake ilikuwa ya chini, kama zetu.

Pale gatini alisimama kijana wa tiketi, kofia ameivaa upande, anaita watu kwa mbwembwe.

"Dada, wewe si wa kukaa na magunia! Panda juu uone ziwa. Kiti cha mto, chai, wali na samaki, soda mpaka useme basi. Unalipa mara moja, unafungwa utepe, hakuna anayekuuliza tena mpaka Mwanza!"

"Soda mpaka niseme basi?"

"Mpaka tutie nanga, dada. Ukiweza kunywa kreti zima, ni lako."

Mwanangu, usinicheke. Niliona makreti yote niliyobeba Ngara yamesimama mbele yangu, yananisubiri. Nikashika ncha ya khanga.

Mzee Shabani alikuwa ananitazama. "Binti, kwa mwaka unakunywa soda ngapi?"

"Moja, babu. Krismasi."

"Basi leo unataka kunywa Krismasi ishirini?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Editha pia alicheka. Mimi nikaudhika.

"Na mdogo wako je? Umeuliza kama inagawanyika?"

"Kinywaji gani kisichogawanyika, babu?"

Nililisema hilo kwa imani kabisa, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu. Kwetu, mtu akinunua chungu cha pombe ya ndizi amenunulia mirija yote itakayoingia humo. Hakuna anayenunulia mdomo wake peke yake. Niliona nikilipia utepe mmoja nimelipia watu wawili: nitakaa juu kidogo, nitamshushia Editha soda na wali, atapanda naye aone ziwa. Nilihesabu kwamba nimepata kwa bei nafuu. Godoro nitalitafutia njia. Nikafungua fundo la khanga. Kijana akanifunga utepe.

"Nitakuletea soda sasa hivi," nikamwambia Editha. "Kaa na sanduku. Na hiyo impamba ishike wewe."

"Haya, dada. Usikawie."

Meli iling'oa nanga jua likiwa linapanda. Nilikaa kwenye kiti cha mto. Akaja mhudumu mwenye kitambaa begani, akainama, akasema, "Nikuletee nini, dada?" Nikasema, "Chochote." Akaleta soda ya machungwa katika bilauri, imetoa jasho kwa baridi. Nakuambia ukweli, ilikuwa tamu. Ningeinywa hiyo moja nikashuka, leo ningekuwa nakusimulia habari ya furaha.

Ya pili niliichukua mkononi nikaelekea ngazi. Mwanamume aliyesimama pale akaweka mkono.

"Soda ya utepe hainywewi chini."

"Ni ya mdogo wangu."

"Ana utepe?"

"Hana, lakini mimi ninao."

"Utepe ni wa mkono mmoja, dada. Kunywa hapa au iache hapa. Wewe mwenyewe shuka ukitaka."

Nikasimama na chupa yangu. Ngazi ilikuwa wazi. Hakunizuia mimi, alizuia soda. Lakini nilijiambia: nikishuka sasa, nimelipa bure. Ngoja ninywe hii, si imeshafunguliwa. Ngoja chai ipite. Ngoja wali uje, nile, kisha nitashuka nikakae naye hadi mwisho. Wali ulipokuja ulikuwa na samaki mzima, nikala huku nikiangalia mlango. Kisha nikaagiza soda nyingine, wala kiu sikuwa nayo. Nilikuwa naidai ile meli fedha ya godoro. Kila chupa niliiona kama kipande cha godoro kinarudi. Baada ya ya sita sikusikia utamu wala baridi, nikawa nameza kama mtu anayekunywa dawa.

Mchana upepo ulichafuka, ziwa likaanza kututikisa. Nilikimbilia kwenye vyuma vya pembeni nikatapika yote, chai na wali na Krismasi zote. Nikahisi mkono umenishika bega. Alikuwa Mzee Shabani. Alikuwa amemwomba yule wa ngazini ruhusa ya kupanda kidogo.

"Hiyo ni Krismasi ya ngapi?" akauliza.

Akanipa kitambaa nijifute, na sauti yake ikabadilika.

"Koleta, mimi sikusemi kwa fedha. Fedha ni yako, umeifulia nguo. Nimempitia mdogo wako. Nimempa kahawa, akashukuru, hakunywa. Nimempa mkate, akashukuru, hakula. Nikamwuliza, una nini? Akaniambia anakungoja wewe ufungue."

Nilishuka ile ngazi nikishika ukuta. Mawe makubwa ya Mwanza yalikuwa yameanza kuonekana, na abiria walikuwa wanakunja mikeka yao. Mama yako alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, kati ya magunia, impamba mapajani, mikono yote miwili juu yake. Midomo ilikuwa imekauka. Aliponiona alisimama.

"Dada, unaumwa?"

"Kwa nini hukula, Editha?"

Akanishangaa. "Si wewe wa kufungua?"

Nikafungua. Ukambaa ukakatika badala ya kufunguka. Jani lilikuwa limevunda kwa joto la mle chini, kando ya injini. Mihogo ilikuwa inateleza na ndizi zinanuka uchachu. Nilichagua karanga, nikazipangusa kwa khanga, nikampa. Alitafuna chache. Watu walianza kutusukuma kuelekea mlangoni, na tukashuka Mwanza bila kula pamoja juu ya maji kama bibi alivyosema.

Bibi hakuwahi kujua. Tulipomwandikia, mama yako aliandika kwamba impamba ilikuwa tamu.

Kesho yake shuleni, matroni alisoma orodha yake akiwa na kalamu. Sanduku. Ndoo. Jembe. Shuka. "Godoro liko wapi?" Nilifungua mdomo, na kabla sijasema neno mama yako alijibu, "Litakuja, mama. Dada yangu anatafuta lililo zuri." Alikuwa na miaka kumi na minne, na alinisitiri mbele ya watu. Utepe nilikuwa nimeusahau mkononi. Niliushusha mkono nyuma ya mgongo.

Muhula wote wa kwanza alilalia magunia mawili aliyopewa jikoni. Wenzake walimwita Gunia, na nasikia wako wanaomwita hivyo hadi leo, kwa mapenzi. Nilirudi kufua, godoro likapatikana, nikalituma. Alisoma, akawa mwuguzi, akakuzaa wewe. Hajanilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.

Ila kuna jambo moja ambalo pengine umeliona bila kulijua. Mama yako akija kwangu, hata kama amefunga chakula cha njiani kwa ajili yetu sote, huketi na kukifungua mwenyewe. Hanipi fundo. Hafanyi kwa hasira, anacheka na kuzungumza huku anafungua. Mimi ndiye mkubwa, nakaa nimeinua mikono kidogo kulipokea, kisha naishusha.

Basi jibu langu ni hili, mwanangu. Sikuambii usinunue. Wapo wanaokunywa sana hata wakiwa nyumbani, na ikiwa mumeo ni wa kahawa nne na juisi tatu kila siku, huenda kwake inalipa. Pimeni kwa siku zenu za kawaida, msipime kwa hamu mnayoipata mkitazama picha. Soma masharti yote, na usiposoma uliza kwa kinywa: ni ya mtu mmoja au ya wote? Mtoto anaruhusiwa? Kitu gani hakimo? Ukiambiwa ni ya mkono mmoja, amini kwamba ni ya mkono mmoja. Usichukue fedha yenye kazi yake nyingine. Na ukishalipa, hesabu kwamba imekwenda. Kunywa kile unachotaka, kisha acha. Usikae mahali ambapo watu wako hawapo kwa sababu tu umekilipia kiti. Hilo la mwisho ndilo ninaloomba ulishike, hata mengine ukiyasahau.

Mkipanda, mbebe na impamba. Nitakufungia mimi. Najua watasema chakula kimo ndani ya tiketi, lakini bebeni. Mkifika katikati ya maji, mkae chini nyote watatu, na mtoto akiona njaa msimngojeshe.

Mungu awavushe salama. Akujalie mezani kwako wawepo wote unaowapenda, wala asiwepo anayekungoja mahali ambapo huendi. Na mkirudi, mpitie kwa mama yako mje naye. Mwambie dada yake anaomba, kama hataona vibaya, siku hiyo ampe fundo alifungue yeye.