Kisanduku cha Tatu

Wiki jana, katika ofisi moja pale Modogashe, nilisimama nyuma ya mfugaji aliyetaka familia yake iandikwe kwa msaada wa ukame. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya Kiingereza: emigrant na immigrant. Karani, mtu wa Meru, akamfafanulia kwa kiganja. Kikaelekea mlangoni: “Huyu amehama kwao.” Kikarudi kifuani: “Huyu amehamia kwa wengine. Wewe ni yupi?”

“Mimi nafuata mvua. Ikinyesha Wajir naenda, ikinyesha huku narudi.”

“Chagua moja. Ukihama, unatolewa kwenye orodha. Ukihamia, wewe ni mgeni, unangoja wenyeji wahudumiwe kwanza.”

Mfugaji akaegemea fimbo yake. “Na wewe, walal, ndugu yangu, hapa ni kwenu?”

“Hapana. Niliajiriwa tu.”

“Kwenu unarudi?”

“Kila Krismasi.”

“Halafu unakuja tena?”

“Ndiyo.”

Mfugaji akamsukumia fomu. “Basi jaza yako kwanza. Mimi nitafuata.”

Karani akachukua rula, akachora kwenye fomu hiyo kisanduku cha tatu na kukitia alama. Hakukiandikia jina. Kiingereza kilimwishia hapo.

Zamu yangu ilipofika, nami nikaomba hicho hicho.