Steji yetu hubeba mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa mwenyewe nilikuwa mimi

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni msomaji tu wa hapa, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu nimekosa mtu mwingine wa kumwambia. Majina nimebadilisha. Yaliyobaki ni ukweli mtupu, hata pale unaponiumbua.

Mimi ni mtu wa boda, huku Ogembo, Kisii. Mwaka jana nilikuwa namtoa abiria mmoja, mama wa makamo, kutoka Manga, mvua ikatukuta mteremkoni, pikipiki ikateleza. Mama alitoka na mikwaruzo. Mimi nikavunjika mguu.

Sasa, steji yetu ina welfare. Ukiumia, kila jioni kila mwanachama anatoa kitu kidogo, mweka hazina anakutumia kwa simu. Halafu Jumapili wanakuja kwako wote kukuchunia majani ya chai shambani. Ni kama ile egesangio ya wazee wetu, watu kufanya kazi kwa zamu shamba kwa shamba, ila hapa zamu yote ni ya mgonjwa.

Lakini kuna sheria. Steji inabeba mgonjwa mmoja. Wa pili anangoja wa kwanza asimame.

Chairman husema, "Tukibeba wawili tutawaangusha wote." Siku ya kupitisha sheria hiyo nilipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Basi plasta ikatolewa. Kuendesha bado, maana mguu wa gia ulikuwa dhaifu. Lakini kusimama nilisimama vizuri tu.

Binamu yangu ana duka la kinyozi huko Birongo. Akaniambia niwe nakuja siku za soko, part-time. Nikajiambia hii si kazi bwana, ni mazoezi ya mguu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Nikawa natoka nyumbani na magongo, majirani nawaambia naenda kliniki Kisii mjini. Nikifika Birongo magongo naweka nyuma ya mlango, navaa koti la kinyozi, nanyoa watu huku napiga stori. Jioni narudi nayo kwapani, nachechemea kuliko asubuhi.

Mke wangu alijua. Alisema mara moja tu: "Baba Moraa, watu wanatuchunia chai na wewe unanyoa?"

Nikamwambia aachane na mambo ya wanaume. Jibu hilo hata kuliandika naona aibu.

Hapo ndipo Nyabuto akaumia. Huyu tulianza boda pamoja, steji moja. Alikuwa anapakia mikungu ya ndizi kwa pikipiki, ikamvuta, akaangukia kiwiko. Hospitali wakamwambia mkono unahitaji kufanyiwa operesheni, uwekwe chuma, na atangulize pesa.

Akaenda kwa chairman. Akaambiwa, "Pole sana, lakini ngoja Baba Moraa asimame."

Hakulalamika. Alienda kwa fundi wa mifupa wa kijijini akafungwa vijiti.

Jumapili iliyofuata alikuja kwangu na wenzake. Mkono mmoja umening'inia kwa leso, kikapu mgongoni, anachuna chai YANGU kwa mkono mmoja.

Mimi niko barazani kwa kiti, mguu juu ya kigoda.

Walipomaliza akaja kunisalimia. "Baba Moraa, usiharakishe. Mfupa ukiharakishwa unaharibika."

Nikamjibu amina. Amina, wakuu! Mdomo huu huu.

Mtauliza kwa nini sikusimama pale pale. Ningependa kuwaambia shida ilinibana. Haikunibana. Nilikuwa nimezoea kubebwa, na kila wiki nilijiambia wiki ijayo. Nyabuto akaendelea kungoja, na kila Jumapili akija naona mkono umekauka zaidi kwenye ile leso.

Mwishowe nilishindwa kumwangalia. Sabato moja nikaingia kanisani bila magongo.

Nilidhani nitaingia kimya. Wapi! Akina mama walilia, wazee wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine, mtu akamsifu Mungu kwa sauti, Nyasae ni mwema. Nyabuto alinikumbatia kwa mkono ule mmoja, machozi yanamtoka. Na mimi nikakubali kuitwa muujiza.

Wiki hiyo steji ikamgeukia yeye. Daktari akapiga picha, akatikisa kichwa. Mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya. Kiwiko hakikunjiki, mkono haufiki kwa usukani vizuri, na alisema kurekebisha sasa ni bahati nasibu.

Pikipiki akaiuza. Siku hizi anauza ndizi mbivu hapo hapo steji. Abiria akisita kupanda kwangu, Nyabuto ndiye anayenipigia debe: "Panda huyu, huyu aliponywa na Mungu mwenyewe!"

Anasema hivyo karibu kila siku, na mimi nawasha pikipiki naondoka.

Juzi mzee wa kanisa akaniambia Sabato hii nitoe ushuhuda wa kupona kwangu. Sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda kwa Nyabuto nikamwambia yote. Birongo, kinyozi, magongo nyuma ya mlango, kila kitu.

Nilitarajia anipige. Ningeshukuru angenipiga.

Alinisikiliza huku akijisugua kile kiwiko. Halafu akasema, "Hapana. Ulikuwa mgonjwa."

"Nyabuto, nilikuwa nafanya kazi."

"Ulikuwa mgonjwa, Baba Moraa. Mimi nilingoja mgonjwa."

Nikadhani amemaliza.

"Sasa ukiniambia nilikuwa nangoja kinyozi, huu mkono nitauweka wapi? Usiniambie tena maneno hayo. Sabato usimame uwaambie Mungu alivyokuponya. Mimi nitakaa mbele."

Akaingia ndani, akarudisha mlango.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Siku mwili ukikubali kazi, sema siku hiyo hiyo, hata kama ni kazi ya nusu siku, hata kama bado unachechemea. Kuna mtu nyuma yako kwenye foleni, na maumivu yake si kidogo. Ukichelewa kusema, hata kuungama kwako kunaweza kuwa ni kumuumiza mara ya pili.

Sabato ni keshokutwa. Mama Moraa ameshafua shati langu jeupe.

Mwenye busara anisaidie: nikisimama pale, na yule mtu amekaa mbele, niseme nini? Wa kunitukana pia aje, nitasoma yote.