Ghala la Klorini Lilipobadilisha Walinzi

Siku yangu ya kwanza kazini, sajini aliyesimamia ghala hakuniuliza cheti. Alinivisha barakoa ya gesi, akakaza mikanda mpaka masikio yakauma, akaniamuru nipande kilima nayo. Nilipoteremka nikitweta, akasema, "Binti, klorini ni nzito kuliko hewa. Hutambaa kufuata bonde kama maji. Ikivuja, watu wasikimbilie ziwani, wapande juu. Ila wewe ni wa kikosi cha dharura. Wewe unafunga valvu kwanza, majeruhi baadaye."

"Hata akiwa ndugu yangu, afande?"

"Hata akiwa mimi."

Ghala lilikuwa kando ya ziwa, upande wa Pasiansi, likihifadhi mitungi ya gesi ya kusafishia maji ya mji. Askari ndio waliolilinda na kutufundisha. Kila Jumatano king'ora kililia, tukafanya mazoezi, na wavuvi wa jirani wakapanda nasi kilimani wakinung'unika.

Miaka ya tisini yakaja mageuzi. Askari wakaondolewa, kazi yao ikapewa kampuni binafsi. Nilimwomba meneja mpya mazoezi yaendelee.

"Mama, mkataba unasema ulinzi," alinijibu. "Mazoezi hayamo."

Tukaomba vichujio vipya vya barakoa, maana vya zamani vilikuwa vimekwisha muda. Hatukujibiwa.

Siku moja mtungi ulivuja mchana, watu wakila. Harufu ikanikaba koo, nikaona ukungu wa kijani ukitoka mlangoni. Vibarua wapya wakatimka kuelekea ziwani.

"Juu! Pandeni juu!" nilipiga kelele hadi wakageuka. Nikavaa barakoa, nikachukua spana, nikaingia.

Mashaka, mwenzangu wa kikosi tangu enzi za sajini, alikuwa ametangulia. Nilimkuta ameanguka kizingitini, kichujio chake kimemsaliti. Akanishika kifundo cha mguu. Nikajinasua, nikamruka.

Valvu ilikuwa na kutu. Spana iliteleza mara mbili kabla haijakubali kufunga. Ndipo nikarudi kumburuta nje.

Hakuna aliyekufa. Meneja aliondolewa, mazoezi yakarudi, nami nikayafundisha hadi nilipostaafu. Vijana huniuliza kama naionea fahari kazi ile. Naionea, siwafichi. Lakini Mashaka alitoka hospitalini na mapafu mabovu. Kila Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, na miaka yote hii hajaniuliza kwa nini nilimruka. Kikohozi kikimshika katikati ya wimbo, mimi pia huacha kuimba.