Muhidini Alivyomlilia Abiria

"Umeniua, Muhidini! Umeniua, umeniosha, umenizika, na wali wa matanga umekwisha kuula!"

Hayo aliyasema Thabiti mbele ya watu, pale uwanja wa ndege wa Mtwara, kanzu yake mpya imelowa tope mpaka magotini. Nyuma yake ndege ilikuwa imezimwa na abiria wote wameshushwa. Muhidini, huyo mwuaji mwenyewe, alikuwa anafuta mikono kwa tambara, kana kwamba aliyezikwa ni mtu wa Kilwa asiyemjua.

Tumsemee kidogo, maana kujisemea ni mvivu. Muhidini alilelewa kijijini Ziwani na mjomba wake, mzee Ahmadi, baba yake Thabiti. Vijana hawa wawili wamelala mkeka mmoja, wamegombea ukoko wa sufuria moja. Halafu Muhidini akaenda vitani Burma, akarudi na viatu vikubwa na Kiingereza cha kuamrisha punda. Uwanja ulipofunguliwa akapata kazi. Ndege ikitaka kuondoka, yeye huyazungusha kwa mikono mapanga ya ndege, yale yanayokata upepo, kabla injini haijawashwa, ili mafuta yaliyotuama chini yasije yakaiumiza. Watu wa mtaani Rahaleo wakaanza kusema ndege haiendi bila Muhidini. Yeye hakuwakatalia.

Na utani je! Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani, hilo halina mjadala. Siku ya harusi ya Thabiti, Muhidini alimwibia kilemba, akatangulia ukweni, akakaa kitako akidai ndoa ifungwe upesi ana njaa. Thabiti alicheka mpaka akapaliwa. Mtani hakasirikiwi. Akimaliza visa vyake husema "utani huo", mnakula pamoja, basi.

Lakini mzee Ahmadi alipofariki, ikabaki mikorosho. Thabiti akasema, mimi ndiye mwana, sheria ya dini inanijua. Salumu, kaka yake Muhidini, akasema, sisi ndio wapwa, na kwa mila yetu mali ya mjomba humwendea mpwa. Kesi ikafika mahakamani Lindi. Muhidini akiulizwa yuko upande gani, hujibu, "Mimi niko upande wa korosho za kukaanga."

Sasa kesi ilikuwa isikilizwe kesho yake asubuhi. Masika yalikwisha kuikata barabara ya Lindi, na nafasi kwenye ndege Thabiti alitafutiwa na Mhindi anayenunua korosho zake. Asipoonekana mbele ya hakimu, shamba ni la Salumu.

Basi Thabiti alipoweka mguu kwenye ngazi, Muhidini akaangua kilio. Kile hakikuwa kilio cha mchezo, kilikuwa cha msibani hasa. Alijipaka udongo kichwani, akajigaragaza. "Mwana wa mjomba wee! Umekwenda na kanzu hata haijafuliwa! Nani atanilisha mimi!" Abiria wakashika mbavu. Thabiti naye alicheka, ila moyoni alijiuliza: yale machozi ameyatoa wapi?

Injini ya kushoto ikawaka bila maneno. Ya kulia ikakohoa, ikaitikisa ndege nzima. Rubani akaizidishia moto, ikapiga chafya, ikatoa moshi. Akajaribu tena, na safari hii ikanguruma safi kama cherehani mpya. Abiria wakapiga makofi. Thabiti akasema alhamdulillahi. Rubani akasikiliza, akaendelea kusikiliza, kisha akazizima zote mbili.

"Si imepona!" Thabiti alipiga kelele.

Karani wa uwanja, Selemani, akamwuliza rubani kwa Kiingereza, akarudi na jibu. "Bwana anasema injini iliyopona bila dawa yeye haiamini. Tumngoje fundi kutoka Dar es Salaam."

"Lini?"

"Kesho kutwa, mvua ikipenda."

Rubani hakubembelezeka. Alikaa chini ya bawa akawasha kiko, ana raha zake, na raha ile ndiyo iliyomtia Thabiti wasiwasi. Akamvuta karani pembeni.

"Niambie kweli. Kabla ya kuwasha, Mzungu alikuuliza nini?"

"Aliuliza yule analia nini."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia anamlilia abiria, ni mtani wake. Akauliza mtani ni mtu gani. Nikamwambia ni ndugu mwenye ruhusa ya kukutukana na kukuombea kifo."

"Akasemaje?"

"Alinitazama mimi, akamtazama Muhidini, akapanda."

"Na mapanga ya kulia aliyashika nani?"

"Nani mwingine? Muhidini."

Hapo ndipo Thabiti alipoyavaa matope mbio mbio kwenda kudai roho yake.

"Mimi nimezungusha panga," Muhidini alijibu. "Sikuzungusha kichwa cha Mzungu."

"Salumu amekupa nini?"

"Salumu? Hata ugoro hanipi. Na mngepaa mkaangukia baharini Mnazi Bay, ungesema ni mimi vilevile."

"Maiti halaumu mtu!"

"Umeona? Basi shukuru una mdomo."

Watu wakacheka. Thabiti hakucheka. Alimtazama mwenzake usoni, udongo bado umemganda kwenye nyusi, na macho mekundu. Macho ya mtu aliyelia, ama ya mtu aliyeingiwa na moshi wa injini, nani ajuaye. Akashusha sauti.

"Muhidini, shamba linakwenda. Sikuulizi tena habari za injini. Sema 'utani huo', kama siku zote. Sema tu, na jioni nakuja kula kwako."

Muhidini akalikunja lile tambara mara mbili, akalitia mfukoni, akashika njia kuukata uwanja, viatu vyake vikubwa vikipiga madimbwi. Thabiti akamwita kwa jina, akamwita kwa jina la mama yake. Mtu hakugeuka.