Fungu Langu la Lengalenga

Kila ninaponusa majani yanayooza kwa joto, narudi kwenye bustani ya shule kule Kolwezi. Kikundi chetu kilikuwa cha watoto wanne. Tulitengeneza mbolea kwa maganda na majivu, tukamwagilia lengalenga, yaani mchicha, kwa zamu, na mavuno tukagawana.

Kisha sisi wenye asili ya jimbo jingine, Kasai, tukafukuzwa mjini. Nyumba yetu iliporwa, tukawa tunalala stesheni tukingoja treni.

Asubuhi moja wenzangu watatu walikuja kunitafuta. Nilikuwa nimevaa blauzi ya mama iliyonifika magotini, nguo pekee niliyobaki nayo, basi nikajificha nyuma ya mabunda.

“Mama, mwenzetu iko wapi? Tumemuletea fungu yake.”

“Tokea, mutoto wangu,” mama akaniita.

Nilitoka nikitazama chini. Msichana wa kikundi chetu alinipa lengalenga, mizizi bado ina udongo, akauliza, “Mbolea tutageuza siku gani?”

“Mutie mukono ndani,” nikamjibu, macho chini. “Kama joto imeisha, mugeuze.”

Walipoondoka mama alizipika zile mboga, akawagawia hata majirani zetu wa pale sakafuni. Mimi nilikula nimegeukia ukuta.