Nilivyochimba historia ya sheria kumtetea jogoo wa mama, nikatupeleka wote pabaya

Wakuu, heshima kwenu. Haya sikuyasikia kijiweni, yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kampala.

Tunakaa Nsambya, karibu na nyumba za polisi. Mama anafuga jogoo na matetea wake. Jirani yetu, Afande Okot, polisi mstaafu, anafuga mabata.

Siku moja Afande akaja mlangoni kakunja uso.

"Mama Zaituni, hii jogoo inanisumbua. Sheria ya mji inakataza jogoo. Nitaita watu wa halmashauri ya City wakuje kuichukua."

Mama akanigeukia. Zaituni ndiye mimi, nasoma sheria, mwaka wa mwisho.

"Ada nalipa ya nini? Kaitafute hiyo sheria yake!"

Basi nikaenda maktaba moja Nakasero. Wakuu, kufukua sheria ya zamani si mchezo. Vumbi, chafya, na Kiingereza cha mababu wa wazungu.

Kanuni ya Afande niliikuta kweli, ya enzi za mkoloni. Nikafuatilia amendments, yaani marekebisho yake, moja baada ya jingine. Lahaula! Kifungu cha jogoo kilishafutwa kitambo. Nilicheka kwa sauti, jirani yangu wa meza akahama.

Nikatoa fotokopi, mbio hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Afande akaitwa. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya mahakamani. Mama vigelegele.

Mwenyekiti, mama mmoja mpole sana, akauliza, "Binti, walipokifuta waliweka nini?"

Jasho likanitoka. Upande wa pili wa karatasi sikuwa nimeusoma.

Nikageuza. "Mtu yeyote hatafuga... ndege wa aina yoyote... mjini bila kibali."

Wa aina yoyote, wakuu. Mabata wamo.

"Nani hapa ana kibali?" mwenyekiti akauliza.

Mama akamtazama Afande, Afande akamtazama mama. Halafu wote wawili wakanitazama mimi.

"Banange, jamani," Afande akasema, "nani alituma huyu mtoto maktaba?"

"Hata mimi nashangaa," akajibu mama yangu mzazi.

Mwenyekiti akawapa muda watafute vibali. Siku hizi wanafuatana ofisini kama mtu na dada yake, njia nzima wananisema mimi.

Funzo: ukikuta sheria imefutwa, usishangilie. Soma kwanza kilichowekwa mahali pake.

Wanasheria wa humu, kuna mwingine aliyewahi kushinda kesi akamtia hatiani mama yake? Nisaidieni, nyumbani chai napewa bila sukari.