Siku Nilipoianika Betri ya Ndege

Naona aibu kuisimulia hii, ila bora niiseme mwenyewe kuliko muisikie kwa wauza mikanda wa Kariakoo, maana wale wanaongeza chumvi, na siku hizi nikipita hawaniiti tena Dada Mabeseni, wananiita Rubani.

Mnanijua, nauza ndoo na mabeseni pembeni ya barabara ya Msimbazi. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu watatu, na kazi hiyo, pamoja na baraka zake, ilinipa ugonjwa mmoja mbaya: kujua kila kitu. Homa naijua, mahari naijua, bomba likipasuka nalijua. Sasa asubuhi moja ya Ijumaa akaja mdogo wangu Rehema, anayesoma umeme chuoni, mkono mmoja ameshika ndoo, mwingine amekumbatia ndege ndogo ya rimoti, nyeupe, nyepesi kama kile kiboksi cha chipsi (msithubutu kumwambia ni ya kuchezea, atanuna siku mbili). Ndege ilikuwa ya chuo, ameazimwa tu, na Jumatatu alitakiwa airushe mbele ya mwalimu wake apate alama za mwisho. Akikosa, anarudia mwaka.

"Dada, betri imevimba," akaniambia. "Nimeichomoa, nimeifukia kwenye hii ndoo ya mchanga. Usiiguse, usiichaji, isipigwe na jua. Naenda chuoni kuomba nyingine."

"Mchanga? Kwani ni mbegu ya korosho hiyo?"

"Dada, nakuomba."

"We mtoto, nimekulea wewe nikaweza, nitashindwa na betri?"

Akaiacha ndege na rimoti yake mezani kwangu, akaondoka akigeuka nyuma mara mbili. Na mimi nikakaa pale nikiitazama ile ndoo, nikamkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa na redio ya mbao, na kila Jumamosi kabla ya mpira alizianika betri zake juu ya bati, saa mbili tatu hivi, na zikirudi ndani redio inaongea kama imetoka dukani. Nikajiambia, watoto wa siku hizi wanasoma mpaka wanasahau vitu vya nyumbani. Nikaifukua betri, nikaifuta mchanga kwa khanga, nikaiweka juu ya beseni lililofunikwa, kwenye jua la saa sita la Dar es Salaam, ambalo mnalijua.

Saa nane nikaenda kuikagua. Ilikuwa imenenepa, imekaza kama mto mpya wa sofa. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikasema: imeshiba.

Chande, kijana wa Lindi anayetandika mikanda jirani yangu, akanyoosha shingo. "Dada, hiyo mbona inataka kujifungua?"

"Chande, uza mikanda."

Nikaichomeka kwenye ndege. Wala sikutaka kuirusha, Mungu shahidi, nilitaka tu kuona kama lile panga la mbele linazunguka ili Rehema akirudi nimwambie kwa upole, kama mtu mzima, kwamba tatizo limeisha. Ndege nikaiweka juu ya meza, nikawasha rimoti, nikasukuma kijiti cha kushoto. Nikakisukuma chote (mimi kitu nusunusu siwezi).

Ndege ikaondoka.

Ikapita juu ya miavuli, ikilia kama nyuki aliyetukanwa, na watu wakainua vichwa, na kutoka huko mbele mtu ambaye sitamsamehe akapiga kelele: "Drone! Mgambo wameleta drone! Wanatupiga picha!"

Mnawajua machinga wa pale. Bidhaa zao zimetandikwa kwenye turubai yenye kamba pembe nne, hatari ikitokea unavuta kamba mara moja, duka zima linakuwa furushi, unakimbia nalo. Ndani ya dakika moja mtaa mzima ulikuwa mafurushi yenye miguu yakielekea mitaa ya Gerezani. Chande naye, aliyeniona kwa macho yake nikiirusha, alibeba mikanda akakimbia! Mteja wangu alikimbia na beseni ambalo alikuwa bado hajalinunua. Mimi nimebaki peke yangu katikati ya barabara, rimoti mkononi, nabonyeza kila kinachobonyezeka.

Ndege ikageuka, ikanifuata, nikainama, ikajipigiza kwenye mnara wangu wa mabeseni. Kimya kidogo. Halafu ssssss, kama presha kuka, moshi mweupe ukatoka, na baada ya moshi, ndimi za moto.

Kariakoo neno "moto" halisemwi kwa sauti ndogo. Milango ya chuma ikaanza kushushwa, wanaume wakaja na ndoo za maji na simu, zaidi simu. Nikasimama nikimwona Rehema akirudia mwaka, na mtaa mzima ukiungua kwa mkono wangu. Aliyeniokoa ni Chande, alirudi mbio, mikanda begani, akaiona ile ndoo.

"Huu mchanga wa nini?"

"Wa betri!"

Akaumwaga wote. Akaongeza wa fundi ujenzi wa jirani. Moto ukafa. Yalikuwa yameyeyuka mabeseni kumi na moja, na ndege imebaki mkia.

Ndipo Rehema akatokea, betri mpya mkononi. Akautazama mkia.

"Dada. Uliianika?"

"Niliipasha kidogo."

Akauokota mkia, akaupangusa mchanga, akautia kwenye mfuko wake.

Jumamosi nilifunga biashara nikaenda mwenyewe kwa mwalimu wake, nikamweleza kosa ni la nani. Akafikiri, akasema sawa, Rehema afundishe wenzake usalama wa betri badala ya kurusha, ndege nitalipa kidogo kidogo, lakini na mimi nije. Basi Jumatatu nikaingia darasani kwa mara ya kwanza tangu darasa la sita, nikasimama mbele karibu na ule mkia, Rehema akininyooshea rula: "Huyu aliiweka juani. Huyu aliirusha kwenye watu." Wanafunzi walicheka mpaka wakalaza vichwa mezani. Karatasi ya mahudhurio ilipopita nikaandika jina langu kwa uangalifu, na penye kozi Rehema akanijazia: Mfano.

Alifaulu. Mimi sianiki tena kitu chochote isipokuwa nguo. Na mezani kwangu kuna ndoo moja nyekundu imejaa mchanga, wateja wanaipenda rangi yake, wanaulizia bei kila siku.

Hiyo haiuzwi.